Matawi Tele Kuanzia Chini

Siku ile mjinga alikuwa Kamusi, na mwenyewe hajawahi kubisha. Ukimkuta leo kitaluni, bomba la maji mkononi na mluzi mdomoni, ukamchokoza kuhusu habari ya vile visiki, atacheka mpaka ashike mbavu. Kisha atakwambia, "Ndugu yangu, wajinga walikuwa wengi mtaani, lakini siku ile walinichagua mwenyekiti. Na sikupingwa."

Jina la Kamusi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu ya mapenzi yake kwa maneno makubwa ya Kiingereza. Mtu alikuja kununua mche wa mlimau, akaondoka na mche pamoja na neno refu kama treni, akafika nalo nyumbani asijue kama mlimau wake umesifiwa au una ugonjwa. Mkewe, ambaye wateja walimwita Mama Miche, alikuwa ameizoea tabia hiyo kama wanawake wengine wanavyozoea mume anayekoroma. Alichofanya ni kugeukia upande wa pili.

Kitalu chao kilikuwa kando ya barabara, na barabara ilikuwa inapanuliwa. Wapimaji walishapita, wakachora alama nyekundu ukutani kwa fundi viatu, kwenye kibanda cha muuza magazeti, na kwenye pipa la maji la Mama Miche. Kila aliyekuwa ndani ya alama alitakiwa awe ameondoka kabla ya tingatinga kufika. Nyuma ya soko palikuwa na kiwanja chenye kisima, na mwenye kiwanja alikuwa radhi kuwakodisha, ila alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kamusi na mkewe walikuwa na miche mingi na fedha kidogo. Na miche ni kama watoto wachanga: huwezi kuihamishia mahali pasipo na maji ukasema tutaona huko mbele.

Ndipo ikaja oda. Chuo kipya kilikuwa kinajengwa upande wa pili wa mji, na kilihitaji uzio wa mimea kukizunguka chote. Msimamizi wa bustani alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye buti za kiume zilizompa jina la Mama Buti kwa wauza miche wote. Alisimama katikati ya mistari ya miche, akaeleza mambo yake bila kupepesa.

"Mchoraji wa bustani yuko ng'ambo. Lugha yetu haijui na mimea yenu hajaiona. Atachagua kwa maelezo. Niandikieni kwa Kiingereza mche wenu wa uzio ukoje: urefu, majani, na hasa matawi. Anataka mmea wenye matawi mengi. Na mjue, mtakachoandika ndicho nitakachokuja kukikagua, neno kwa neno."

Kwa mtu mwingine hiyo ilikuwa kazi. Kwa Kamusi ilikuwa harusi.

Jioni hiyo walikaa sebuleni, watatu: Kamusi na kamusi yake isiyo na jalada, Mama Miche na rundo la nguo za kukunja, na mdogo wake Mama Miche, ambaye alikuwa mpiga chapa kwenye duka la kutoa nakala na alikuja na kompyuta yake ndogo kumsaidia shemeji yake. Urefu waliumaliza haraka. Majani nayo hayakuwasumbua. Wakafika kwenye matawi, wakakwama.

"Andika 'bushy'," alisema yule mdogo mtu. "Fupi, safi. Mmea uliojaa, umefunga."

"'Bushy'?" Kamusi alilisogeza neno hilo pembeni kama mtu aliyeletewa chai ya jana. "Hizo ni nyusi za mzee, shemeji. Huo ni mkia wa mbwa. Mtu yuko ng'ambo huko anachagua uzio wa chuo, wewe unampelekea nyusi?"

"Haya, 'many branches'."

"Hiyo ni benki."

Mama Miche alicheka mpaka soksi ikamtoka mkononi. Mdogo wake hakukata tamaa. "'Well branched', basi. Umetoa matawi vizuri."

"Hilo ni la mtu anayeogopa kusifu. Ni kama kumwambia bibi harusi, 'leo si mbaya.'" Kamusi alilamba kidole, akafunua kurasa, akasimama ghafla. "Hili hapa! 'Ramified'! Uliogawanyika matawi!"

"Shem, hilo nalichapa kila siku kwenye barua za mawakili. Mmea wako umeshtakiwa?"

Wakaendelea hivyo, huyu akitoa na yule akikataa, mpaka chai ikapoa kwenye vikombe. Mwishowe Kamusi akafumba macho, akalitamka polepole kama anayeonja mchuzi: "'Profusely branched from the base.' Matawi tele, yamefurika, kuanzia chini kabisa, kwenye udongo."

Hata shemeji yake aliinua mikono kutoka kwenye kompyuta. Lilikuwa tamu, hakuna aliyebisha.

"Neno ni zuri," alisema Mama Miche, akikunja shati. "Sasa nionyeshe huo mmea."

Kamusi alikohoa. Miche yao ilikuwa na shina moja lililonyooka mpaka usawa wa goti, halafu matawi matatu au manne yaliyosongamana juu. Ufagio uliosimamishwa kwa mpini, basi.

"Mama watoto, hii ni lugha ya biashara. Kila mtu anatia chumvi kidogo."

"Chumvi kidogo ni kusema matawi matano. Wewe umemwaga kopo zima."

"Akishaupenda kwa masikio, macho yatafuata. Shemeji, tuma."

Shemeji akatuma.

Jibu lilirudi upesi kuliko walivyotarajia. Mama Buti alipiga simu, na Kamusi akaiweka kwenye spika ili mkewe asikie. Mchoraji amesoma maelezo ya vitalu vyote, amechagua cha kwao. "Hayo maneno ya 'kuanzia chini' ndiyo yaliyomkamata," alisema Mama Buti. "Hataki uzio wenye miguu mitupu. Hataki mbwa wapite chini. Nitakuja kukagua kabla ya mvua, tukielewana naleta gari."

Kamusi alicheza katikati ya miche mpaka fundi viatu akauliza kama kuna msiba au sherehe. Alimpigia mwenye kiwanja papo hapo, akamwambia asimpe mtu mwingine. Aliporudi kumwagilia ndipo akaitazama ile miche vizuri, mstari baada ya mstari wa miguu mitupu, na mluzi ukamkatikia mdomoni.

Siku chache baadaye Mama Miche aliitwa kwenda kumuuguza mama yake. Alimwachia mumewe funguo, akamwonyesha sufuria, akasema, "Mwagilia asubuhi na jioni. Usiguse kitu kingine."

Kamusi akagusa.

Haikuwa kwamba hajui kazi. Kila mtu wa miche anajua kwamba mmea ukikatwa kilele huchipua pembeni, chini ya pale ulipokatwa. Ukitaka matawi ya juu, kata juu. Ukitaka matawi kuanzia chini, kata chini. Hilo ni kweli, na Kamusi alilijua tangu ujana wake. Elimu alikuwa nayo. Alichosahau ni kalenda. Alichukua mkasi wa kupogolea, akapiga magoti, akaanza mstari wa kwanza: shibiri moja kutoka kwenye udongo, kachu. Mche unaofuata, kachu. Kila alipokata aliyasema moyoni maneno yake matamu, na kila alipoyasema mkono ulizidi kasi. Watu wengine hurekebisha maneno yafuate mmea. Yeye alikuwa anaurekebisha mmea ufuate maneno. Alipokuja kunyoosha mgongo, kitalu kizima kilikuwa kama wanafunzi walionyolewa siku ya kufungua shule.

Kisha akangoja. Asubuhi alilala kifudifudi, shavu kwenye udongo, akitafuta matawi. Lakini kulikuwa na mawingu na baridi, na mmea hauna haraka kwa sababu tu wewe unayo. Vile visiki vilisimama tu, vimetulia, kama watu waliokaa benchi wakingoja kuitwa majina. Kwenye vifundo kulianza kuvimba vitu vidogo mithili ya punje za mtama. Akavisemesha. Akavibembeleza. Vikabaki punje.

Ndipo simu ikalia. "Ratiba imebanwa," alisema Mama Buti. "Nakuja kesho asubuhi."

Na mchana ule ule Mama Miche akarudi.

Alisimama mwanzoni mwa mstari wa kwanza, mkoba bado begani. Alitazama kulia. Akatazama kushoto. Nyuma ya pipa palikuwa na lundo la vilele vilivyokauka.

"Mbuzi wameingia?"

"Hapana."

"Wezi?"

"Wezi wangeacha nini, mke wangu?"

"Basi ni nani?"

Kamusi alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Nilikuwa natafuta matawi ya chini."

"Umeyapata?"

"Yako njiani."

Mama Miche alipindua ndoo, akaikalia. Hakupiga kelele, na Kamusi angeshukuru sana kama angepiga. "Kodi ya kiwanja ilikuwa kwenye hivyo vichwa, baba watoto," alisema taratibu. "Nilipokuwa kwa mama nilimwambia asihofu, tumepata mahali. Akapona nusu kwa kusikia hivyo tu."

"Anakuja kesho asubuhi," alisema Kamusi. Hakuona namna ya kulitamka jambo hilo likawa dogo.

Kamusi akaanza kutapatapa. "Tuazime kwa jirani. Miche yake ni mizuri, tunaipanga mbele, mama akishakagua tunamrudishia."

"Na siku ya kupanda tutapanda kivuli chake?"

"Basi tutasema ni mbuzi."

"Mbuzi gani huyo, anakata kwa shibiri, mstari mzima, bila kuruka?"

Fundi viatu, ambaye alijifanya anashona kumbe masikio yote yako kitaluni, akaangusha sindano kwa kicheko. Mama Miche naye, kwa bahati mbaya yake, akacheka kidogo. Akainuka, akaunyanyua mche mmoja uliokatwa, na mfuko wake na udongo wake, akaukumbatia.

"Mpigie mdogo wangu," alisema. "Aje na mashine yake."

Jua lilikuwa halijazama walipokaa tena pale sebuleni. Mama Miche aliuweka mche juu ya meza, udongo ukadondoka kwenye kitambaa cheupe, na hakuufuta.

"Safari hii mmea uko mezani," alisema. "Andikeni mnachokiona."

Kamusi alinyoosha mkono kwenye kamusi kwa mazoea. Mkewe akaikalia.

Ikabidi atazame. Aliuzungusha mfuko taratibu. Alikuwa amekaa na miche hiyo tangu ikiwa mbegu, lakini ni kama mtu anayekaa na jirani bila kujua rangi ya macho yake. Zile punje zilikuwa zimeanza kupasuka nchani, na ndani mlionekana wekundu mdogo uliokunjwa, kama ngumi ya mtoto. Moja kwenye kila kifundo, mpaka chini, mpaka pale shina lilipoingia udongoni.

"Sema, shem," mpiga chapa alihimiza. "Vidole vinapoa."

"Umekatwa chini," alisema Kamusi. "Kila kifundo kina jicho. Macho yameanza kufumbuka."

Shemeji akaandika kwa Kiingereza cha maneno mafupi mafupi, akamsomea. Kamusi akatikisa kichwa kukubali. Hapakuwa na neno hata moja pale ambalo mtoto wa shule angeliulizia maana.

"Na matawi?"

"Bado."

"Niandike hivyo? 'No branches yet'?"

Maneno makubwa yalikuwa yamemtoka Kamusi maisha yake yote kama maji bombani. Haya matatu yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Andika."

Asubuhi Mama Buti alifika na watunza bustani wawili, na kama kawaida ya siku mbaya, wateja nao walikuwa wengi. Alitembea mstari wa kwanza mpaka mwisho. Akarudi. Akatoa mfukoni ile karatasi ya kwanza, akampa Kamusi.

"Soma. Wewe ndiye uliyeandika."

Kamusi akasoma. Kila mtu aliyekuwa pale alimsikia akisimama mbele ya shamba la visiki na kutangaza, kwa Kiingereza na kisha kwa Kiswahili kwa sababu Mama Buti alitaka watu wake waelewe, kwamba matawi ni tele, yamefurika, kuanzia chini.

Mtunza bustani mmoja aliinama, akachungulia nyuma ya kisiki. "Labda yamekaa upande huu."

Watu wakacheka. Mteja mmoja akasema huenda yamekwenda likizo. Kamusi, ambaye siku nyingine angekuwa wa kwanza kuongeza mzaha, aliishika ile karatasi kwa mikono yote miwili na kutazama buti za yule mama.

"Nani aliyeikata hii miche?" aliuliza Mama Buti.

Kamusi alifungua kinywa. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Tumeikata," alisema Mama Miche.

"Nyinyi wawili?"

"Kitalu ni chetu. Tumeikata."

Kamusi alikuwa ameshaanguka mara nyingi maishani: mafuriko yalibeba miche yake, mshirika alimkimbia na mauzo, duka lake la mbolea lilifungwa. Alikuwa amezoea kuanguka peke yake, akajifuta vumbi na kutunga kichekesho. Kuanguka huku ameshikwa mkono hakukuzoea.

"Mama, usimsikilize," alisema. "Mkono ulikuwa wangu. Yeye alikuwa kwa mama yake, na aliniambia nisiguse."

Mama Buti alimtazama huyu, akamtazama yule. Mama Miche akampa karatasi ya pili. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akapiga goti, akakwaruza gome la kisiki kwa kucha. Chini yake palikuwa kijani. Akachana mfuko mmoja, akatazama mizizi, ilikuwa myeupe tupu, imejaa. Akasogeza uso karibu na kifundo, akahesabu macho kwa ncha ya kalamu.

"Hii nayo ni wewe uliyeandika?"

"Ndiyo, mama. Ile ya kwanza niliiandika kamusi ikiwa mezani. Hii, mmea ulikuwa mezani."

Mama Buti akajipangusa goti. "Tangu juzi nazunguka kwenye vitalu vingine kutafuta miche ya akiba. Kote nimesoma maneno ya kunukia, nikafika nikaonyeshwa mifagio. Hapa ndipo pa kwanza kupewa karatasi inayoniambia bado." Alikunja karatasi zote mbili. "Haya mliyoyafanya ndiyo yanayoleta matawi ya chini. Mngeyafanya mapema, leo ningekuja na gari la mizigo. Upande wa mbele wa chuo siwezi kungoja, nitanunua kwingine. Upande wa nyuma nitapanda mvua ikishika. Mkinionyesha hicho mlichoandika, nachukua, na malipo ya kuanzia nawapa leo."

"Nusu ya oda," alisema Kamusi, si kwa kulalamika, bali kama mtu anayejipapasa baada ya ajali na kukuta miguu yote ipo.

"Nusu. Na usiisindikize na neno."

Kamusi alimsindikiza yeye mpaka kwenye gari lake. Njiani alitafuta maneno ya kumshukuru, makubwa, yenye kupanda na kushuka; yakamjia foleni nzima, akayaacha yapite. "Asante, mama," alisema. Mama Buti akagonga buti zake kwenye ngazi ya gari kutoa udongo, akaenda zake.

Mwenye kiwanja alinung'unika, kisha akakubali kodi ya nusu mwaka. Walihamisha miche kwa mkokoteni, fundi viatu akisukuma nyuma na kuuliza kila kwenye kona kama matawi yameshafika. Jioni walipokaa wawili tu kwenye ukingo wa kisima, miguu imevimba kwa uchovu, Kamusi alisema, "Asante kwa ile 'tumeikata'."

"Usiizoee," alisema mkewe, akamsogezea kikombe chake cha maji, naye akayanywa.

Yale macho yalifumbuka. Kwanza yalikuwa manyoya mekundu, yakawa vidole, yakawa matawi, na matawi yakajisukuma kila upande mpaka mfuko wenyewe haukuonekana. Mama Buti alipokuja tena aliingiza mkono katikati ya mche kutafuta shina, na mkono ukapotea mpaka kiwiko. Aliita gari.

Siku ambayo gari la mwisho liliondoka, Kamusi alinunua ubao na rangi nyeupe. Shemeji yake alikuja kumchorea herufi, na ugomvi ukaanza kabla ya kopo kufunguliwa.

"'Profusely branched'," alisema Kamusi. "Sasa ni haki yangu. Sasa ni kweli! Shahidi ninaye, ana buti."

"'Bushy', shem. Herufi tano, ubao unatosha, rangi inabaki."

"Unanirudishia nyusi?"

"Nakurudishia wateja. Hilo lako mtu atalisoma gari limeshampita."

"Basi 'ramified', tukutane katikati."

"Katikati ya nini, ya mahakama?"

Walipandishiana hivyo, huyu ameshika brashi na yule ameshika ubao, hata mteja aliyekuja kununua mche wa ua waridi akasahau alichofuata, akasimama kusikiliza. Mama Miche alipita kati yao akitoka kisimani. Kiunoni, kwa kamba ambayo tangu siku ile ya visiki haikuwahi kufunguliwa, ulining'inia mkasi wa kupogolea.

"Andikeni neno lolote mnalolitaka," alisema bila kusimama. "Mkasi unabaki kwangu."